Tufani ya Unguja ya Mwaka 1872, na Mafundisho Yake kwa Wenye Mashua

Mtu mwenye mashua moja hana nyingine. Mashua hiyo ndiyo shamba lake na ghala yake. Humo hutoka chakula cha nyumbani, na nguo za mkewe, na karo ya watoto wake. Ikivunjika asubuhi moja, mwenyewe huwa maskini kabla ya jioni. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari ya tufani kubwa iliyopiga kisiwa cha Unguja siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, na kueleza yale ambayo wanadamu wamejifunza, huku kwetu na katika nchi nyingine, juu ya kukiweka tayari chombo kidogo kabla tufani haijafika. Hata ninyi mkaao kando ya Nyasa, au Tanganyika, au ziwa la Victoria, msidhani ya kuwa habari hii ni ya watu wa pwani peke yao. Kwa maana upepo mkali wa ziwani nao huvunja mitumbwi, na kazi ya kuiokoa ni moja.

Kwanza na tutazame desturi ya pepo za kwetu. Tangu kale watu wa pwani wameugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hata Februari au Machi, na zamani ndiyo iliyoleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza mnamo Aprili ikaendelea hata Septemba, nayo ndiyo iliyoyarudisha kwao. Katikati ya pepo hizo ni majira yaitwayo tanga mbili, ambapo upepo hauna msimamo, wala nahodha hajui kesho atatweka tanga lake upande gani. Majira hayo ya kwanza huangukia katika masika, mbingu zikiwa zimefunga na mvua ikinyesha mchana na usiku. Mwenye kuona mawingu meusi mwezi wa Aprili hastaajabu hata kidogo, maana huyaona kila mwaka. Na hii ndiyo hatari yenyewe: mawingu ya tufani huja yamevaa nguo za masika.

Katika mwaka ule wa 1872 aliyetawala Unguja alikuwa Seyyid Barghash bin Said, ambaye alikuwa ameshika kiti mwaka 1870 baada ya ndugu yake Seyyid Majid kufa. Bandari ilikuwa na vyombo vingi, vikubwa kwa vidogo. Kulikuwa na merikebu za Seyyid mwenyewe, na majahazi ya biashara, na mashua za kupakulia shehena, na ngalawa za wavuvi. Watu wa mji walikuwa wamezoea kusikia ya kwamba tufani hupiga Mauritius, na Bukini, na Bara Hindi. Lakini Unguja, walisema, haifiki. Wazee hawakuwa na habari ya tufani ya namna ile katika maisha yao. Basi kila chombo kilikaa mahali pake kwa nanga yake ya kila siku na amari yake ya kila siku.

Tufani ilipofika ilizipiga nchi kavu na bahari kwa pamoja. Merikebu sita za Seyyid Barghash zilisukumwa pwani, zikavunjika au kuharibika vibaya. Majahazi na mashua nyingi ziligongana, zikazama, au zikatupwa juu ya nchi kavu kama vifuu vya nazi. Mashambani theluthi mbili hivi za mikarafuu na minazi ya kisiwa cha Unguja zilianguka. Ng'ambo, huko Bagamoyo, majengo ya misheni ya Wakatoliki yaliyokuwa yameanza kujengwa tangu mwaka 1868 yaliangushwa. Bwana Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Dakta Livingstone huko Ujiji, alikuta nchi imejaa maji, na kuta za mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, zimebomolewa na mafuriko ya masika yale. Njiani alisikia habari za tufani ya Unguja kabla ya kuiona bahari. Lakini kisiwa cha Pemba, kilicho karibu hivyo, kiliokoka kwa sehemu kubwa. Na tangu hapo Pemba ikaanza kuipita Unguja kwa mavuno ya karafuu. Ndivyo upepo wa siku moja ulivyogeuza mali za visiwa viwili kwa miaka mingi.

Na tusimulie habari ya merikebu moja tu kati ya zile sita. Jina lake lilikuwa El Majidi. Ilijengwa huko Glasgow katika nchi ya Scotland mwaka 1863, ikaitwa Sea King. Marekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, watu wa majimbo ya kusini waliinunua, wakaipa jina la Shenandoah, wakaifanya manowari. Katika miaka ya 1864 na 1865 ilizunguka dunia yote. Ilipita katika bahari za dhoruba kusini ya Afrika, ikafika Australia, ikaenda hata kwenye barafu ya kaskazini, ikirudi ikatia nanga Liverpool mwezi wa Novemba 1865. Baadaye iliuzwa kwa Seyyid Majid, ndipo ikaitwa kwa jina lake. Tazameni basi: merikebu iliyoshinda bahari zote za dunia ilishindwa bandarini kwake, imefungwa kwa nanga, pwani ikionekana kwa macho. Haikuvunjwa kwa sababu ya udhaifu wa mbao zake, bali kwa sababu tufani iliikuta pasipo maandalizi, katika maji yasiyokuwa na nafasi ya kukimbilia. Seyyid Barghash baadaye aliagiza merikebu mpya ijengwe Scotland, ikaitwa Glasgow, ikafika Unguja mwaka 1878.

Msomaji atauliza, Je, hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyeijua tabia ya tufani wakati ule? Wako waliojua, na habari yao inapendeza kusikiwa, kwa sababu wengi wao hawakuwa watu wakubwa.

Wa kwanza alikuwa Mmarekani jina lake William Redfield, ambaye katika ujana wake alijifunza kazi ya kushona matandiko ya farasi. Mwezi wa Septemba 1821 tufani ilipita katika jimbo lake la Connecticut. Baada ya hapo Redfield alisafiri, akaona jambo la ajabu: miti ya kwao ilikuwa imeanguka ikielekeza vichwa vyake upande mmoja, lakini alipokwenda mbali zaidi aliikuta imeanguka kwa kuelekea upande wa pili. Watu wengi walipita mbele ya miti hiyo hiyo wakaona kuni tu. Yeye aliuliza moyoni, Upepo mmoja umewezaje kuangusha miti pande mbili zinazopingana? Akajibu: upepo huu hauendi moja kwa moja, bali unazunguka kama jiwe la kusagia. Akaandika habari hiyo mwaka 1831.

Wa pili ni William Reid, askari fundi wa Kiingereza, aliyepelekwa katika kisiwa cha Barbados kujenga tena yaliyobomolewa na tufani ya mwaka 1831. Alikusanya daftari za manahodha, akalinganisha pepo walizoziandika, akatoa kitabu mwaka 1838. Wa tatu ni Henry Piddington wa Calcutta, aliyekuwa baharia zamani. Huyu mwaka 1848 alizipa tufani hizi jina la saikloni, kutoka neno la Kiyunani linalofananisha upepo huo na nyoka aliyejizingazinga. Wa nne alikuwa mwalimu, Charles Meldrum, aliyefundisha hesabu huko Mauritius. Mwaka 1851 aliwaunganisha watu wa kisiwa kile katika chama cha kuchunguza hali ya hewa, na kila merikebu iliyotia nanga aliiomba daftari yake, ili ajue tufani za bahari yetu hii zinapita njia gani.

Basi maarifa yalikuwako Mauritius miaka ishirini kabla ya tufani ya Unguja. Lakini hapakuwa na waya wa simu wa kuyaleta. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baada ya vyombo kuvunjika. Tena tufani hukaribia mara chache sana pande zetu. Upepo huu hupata mzunguko wake kwa sababu dunia yenyewe inajizungusha, na nguvu hiyo ya kuuzungusha haipo penye Ikweta, bali huongezeka kadiri mtu anavyokwenda mbali nayo. Unguja iko digrii 6 tu kusini ya Ikweta. Ndiyo maana tufani nyingi za Bahari ya Hindi hupinda kwenda kusini, zikaipiga Bukini au Msumbiji. Lakini jambo la mara chache si jambo lisilokuwako. Mara chache ndiyo inayomkuta mtu amelala.

Sasa tueleze jinsi tufani inavyokwenda, kwa maana asiyefahamu haya hataweza kuifunga mashua yake vema. Katika nusu ya kusini ya dunia upepo wa tufani huzunguka kama mikono ya saa. Katikati pana kitovu, ambapo hakuna upepo mkali, wala pengine mvua. Tufani ikija kutoka mashariki, na kitovu chake kikipita juu yetu, kwanza tutapigwa na upepo wa kusini. Utazidi na kuzidi, kisha ghafula utanyamaza. Mbingu huweza hata kufunguka. Watu husema, Mungu ashukuriwe, yamepita. Wakatoka nje, wakaenda pwani kutazama vyombo vyao. Ndipo upande wa pili wa tufani hufika, nao huvuma kutoka kaskazini kwa nguvu ile ile, na kuwakuta wamesimama majini. Kitovu kikipita kusini yetu, upepo utaanza kusini, utageuka magharibi, kisha kaskazini-magharibi. Kikipita kaskazini yetu, utaanza kusini, utageuka mashariki, kisha kaskazini-mashariki. Hapana tufani inayovuma kutoka upande mmoja mwanzo hata mwisho.

Mholanzi mmoja, Buys Ballot, mwaka 1857 alitoa kanuni nyepesi ambayo hata mtoto huweza kuishika. Kwa sisi tulio kusini ya Ikweta kanuni ni hii: mtu akiupa upepo mgongo, kitovu cha tufani kiko upande wa mkono wake wa kulia. Mvuvi asiye na chombo chochote cha kupimia anaweza kusimama pwani, akatumia mgongo wake na mkono wake, akajua adui yuko wapi; na akirudia baada ya saa mbili, atajua anakoelekea.

Dalili nyingine ziko. Padre mmoja Mhispania, Benito Viñes, aliyefika Havana katika kisiwa cha Cuba mwaka 1870, alikuwa akiyatazama mawingu membamba ya juu sana, yale yafananayo na manyoya, akaona ya kuwa yanatawanyika kutoka mahali tufani ilipo. Aliyatazama pamoja na barometa, ambayo hushuka tufani inapokaribia. Mwezi wa Septemba 1875 aliwapa watu onyo kabla ya tufani kufika, na kazi yake ikawa mwanzo wa maonyo mengi yaliyookoa mabaharia. Dalili nyingine ni mawimbi marefu mapana, yajayo kutoka mbali ingawa hapa hakuna upepo. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Nasi twaongeza: dalili ya tufani ni wimbi lisilo na upepo wake.

Sasa tufike kwenye mashua yenyewe.

Neno la kwanza ni wakati. Wasomaji wetu wanaikumbuka safari ya Mtume Paulo kwenda Rumi, iliyoandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mabaharia wale walikuwa hodari. Waliipandisha mashua yao ndogo melini kwa taabu, wakapitisha kamba chini ya merikebu kuikaza, wakatupa shehena, wakapima kina, wakatia nanga nne za tezi. Hakuna walichokosa kukifanya. Lakini waliyafanya yote upepo ulipokwisha kuwashika, kwa kuwa walipokuwa bado bandarini walikataa shauri la kungoja. Basi kazi ya kuiokoa mashua hufanyika siku ya jua. Siku ya upepo hakuna kazi ila ya kujiokoa mwenyewe.

Neno la pili: mahali pa mashua ndogo wakati wa tufani si majini, bali nchi kavu. Merikebu kubwa haiwezi kubebwa, lakini mashua na ngalawa zinaweza, na hii ndiyo heshima ambayo wadogo wanayo kuliko wakubwa. Na ivutwe maji yanapojaa, ili njia iwe fupi, juu ya magogo ya mviringo. Wala isiachwe pale ambapo maji ya bamvua hufika, kwa maana tufani huinua bahari yenyewe na kuisukuma juu ya nchi, na maji hayo hufika mahali ambapo babu zetu hawakuyaona. Na ivutwe mbali zaidi, palipoinuka. Tena isiwekwe chini ya minazi. Mnazi ni rafiki wa mvuvi siku zote, lakini siku ya tufani mnazi ulioanguka huikata mashua vipande viwili, na nazi zake huruka kama mawe.

Neno la tatu: na ivuliwe nguo zake. Tanga litolewe, foromali ishushwe, mlingoti ung'olewe, makasia na pondo na usukani vipelekwe nyumbani. Kila kitu kilichosimama juu ya mashua ni mkono ambao upepo utaushika. Mtu aliyeliacha tanga limefungwa juu ya foromali, akidhani limefungwa vema, ataona upepo ukilifungua kwa kidole kimoja. Nyavu nazo ziondolewe. Mara nyingi thamani yake ni kubwa kuliko ya mashua yenyewe.

Neno la nne: na ilazwe chini na kutiwa uzito. Mtumbwi mdogo hupinduliwa kifudifudi, ukafungwa kwa kamba juu ya mgongo wake, kamba zikashikwa na vigingi virefu vilivyokita sana. Mashua kubwa kidogo, isiyoweza kupinduliwa, huwekwa sawa juu ya mkuku wake, ikaegemezwa pande mbili, na magunia ya mchanga yakapangwa ndani, chini kabisa, kwa kuenea. Nguruzi, yaani kizibo cha chini, kiondolewe ili maji ya mvua yatoke. Mashua ya mbao ikijaa maji ingali nchi kavu, uzito ule huifungua mishono, na kalafati yote ya mwaka hupotea.

Neno la tano ni kwa yule asiyeweza kuipandisha mashua yake, ama kwa uzito wake, ama kwa kukosa watu. Huyu na asikae bandarini pamoja na vyombo vikubwa. Wengi wanaoangamia katika bandari hawaui na upepo. Huuawa na chombo cha jirani kilichokata kamba. Na aingie ndani ya hori, katikati ya mikoko, mbali kadiri maji yanavyomruhusu. Mikoko ni boma ambalo Muumba amelijenga kati ya bahari na nchi. Hapo na afunge kamba nyingi, omo na tezi, kuume na kushoto, kwenye mashina mengi, wala asiutegemee mkoko mmoja. Na azifunge kwa pande zote, kwa sababu tumekwisha kueleza ya kuwa tufani ina pepo mbili. Mashua iliyofungwa kwa upepo wa kusini peke yake hufa kwa upepo wa kaskazini. Kamba ziachiwe urefu wa kutosha, ili maji yakipanda mashua ipande nayo. Iliyokazwa sana huvutwa chini ya maji na kamba zake yenyewe. Na kila mahali kamba inapogusa ubao, pazungushwe matambara, au ngozi, au kipande cha tanga kuukuu. Kamba haikatiki kwa kuvutwa mara moja, bali kwa kusuguliwa usiku kucha. Akitia nanga pia, na atie mbili, zilizotengana, na kila amari iwe na urefu mara saba hata mara kumi ya kina cha maji. Tena akumbuke ya kuwa maji ya kesho yatakuwa marefu kuliko ya leo.

Neno la sita, na hili ni kubwa kuliko yote: akiisha kufunga, na aondoke. Hapana mtu alalaye ndani ya mashua wakati wa tufani ili kuilinda. Hawezi kuilinda. Wala asiirudie upepo unaponyamaza, mpaka wenye kuangalia hali ya hewa wamesema ya kuwa imepita kweli. Tunajua jinsi moyo unavyomvuta mtu. Amekaa ndani na watoto, anasikia bahari, anafikiri kamba moja ile ya tezi. Anasema, Nitakwenda mara moja tu, nitarudi. Mama watoto na amshike nguo. Mashua yaweza kuchongwa tena. Wanyonge wa kijiji waweza kuchangiana mbao. Mjane hachongewi mume.

Tangu mwaka 1872 tufani hazikusahau njia ya kuja kwetu. Mwezi wa Aprili 1952 moja iliupiga mji wa Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth, baada ya kupita kaskazini ya Ngazija, iliingia Cabo Delgado katika Msumbiji, kusini tu ya mpaka wa Tanzania, ikaharibu vijiji vya wavuvi na visiwa vyao. Mwanzoni mwa Mei 2024 tufani Hidaya ilikuja mpaka karibu na Mafia. Angalieni miezi: Aprili, Aprili, Aprili, na mwanzo wa Mei. Zote zilikuja katika masika, kaskazi ilipokwisha kufa. Walakini kati ya ile ya kwanza na hii ya mwisho iko tofauti kubwa. Mwaka 1872 onyo halikuwako kabisa. Mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitoa tahadhari mapema, kwa sababu siku hizi viko vyombo vilivyorushwa juu ya anga vinavyoitazama bahari mchana na usiku. Cha kwanza cha kutazama hali ya hewa kilirushwa na Wamarekani mwezi wa Aprili 1960. Habari ambayo Meldrum aliikusanya kwa miezi, daftari kwa daftari, sasa humfikia mvuvi wa Kilwa kwa redio kabla hajamaliza uji wake.

Basi udhuru wa watu wa mwaka 1872 sisi hatunao. Wao hawakuambiwa. Sisi huambiwa, nasi mara nyingine husema, Hata mwaka jana walisema hivyo, wala halikuja neno. Au husema, Nitakwenda safari moja tu ya leo, samaki wako. Wengine hujikinga kwa methali, chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo ni njema kwa kumfariji aliyekwisha kupata hasara. Lakini si njema kwa mtu mvivu aliyelala na kamba mkononi. Ikiwa onyo limekuja nasi tumeipandisha mashua, na tufani ikapinda kwenda zake, tumepoteza nini? Siku moja ya kuvua, na jasho la kuvuta. Na asiyeipandisha, ikaja, amepoteza nini? Kila mmoja na ahesabu mwenyewe.

Limebaki neno moja, ambalo kwa kweli ndilo lililotufanya tuandike. Hapana mtu awezaye kuipandisha mashua peke yake. Mbao zile zataka watu wanane, au kumi, au kumi na wawili, na mwenye kuimba ili wavute pamoja. Saa chache za mwisho kabla ya tufani ndizo zinazoonyesha kijiji ni cha namna gani. Kikiwa ni kijiji cha kila mtu na lake, wenye wana wengi watapandisha zao, na mashua ya mzee, na ya mgonjwa, na ya mjane anayemkodisha mvuvi, zitabaki majini. Na mashua iliyobaki majini haipotei peke yake. Hukata kamba ikaenda kuzivunja nyingine. Kwa hiyo na ifanyike shauri mapema, kabla ya masika, siku ya utulivu: wazee wakae, waandike mashua zilizopo, waseme ya nani itavutwa kwanza, magogo yako wapi, kamba zimewekwa kwa nani, na nani atasikiliza redio. Na ya kwanza kuvutwa iwe ya yule asiye na mtu.

Yule mshona matandiko wa Connecticut alitazama miti iliyoanguka, akajifunza. Sisi tumetazama katika insha hii merikebu sita za mfalme zilizotupwa pwani. Huenda tufani nyingine isije katika maisha yetu, na huenda ije masika haya. Masika yakikaribia, baba zetu na ndugu zetu, zikagueni kamba zenu.